Moja Mpaka Tano

Wameleta fomu tena. Maswali ishirini na mawili,
na kila swali vijumba vitano,
vitupu kama nyumba za kijiji nilikozaliwa.
Moja ni hapana kabisa. Tano ni naam, sana.
Säde ameinama mpaka nywele zinagusa karatasi,
ananisemesha kwa sauti ya kumwita paka.

Je, Bi Vieno, chumba chako kina joto la kutosha?
Tano.
Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
na mimi nimekaa na gauni jepesi, miguu mitupu.
Dirisha halifunguki. Lina skrubu nne,
nimezihesabu,
zimekazwa kwa usalama wangu.

Je, chakula kinakuridhisha?
Andika tano. Viazi vinafika vimeshamenywa,
vimeshachemshwa, vimeshapondwa,
vimebaki kumezwa tu, na hilo nalo
wananitazamia kwa jicho la pembeni nisije nikapaliwa.
Miaka thelathini na mmoja nilipikia kambi ya wakata miti,
wanaume arobaini, hakuna aliyejua kusema asante
ila kwa kurudisha sahani imelambwa.
Gunia zima nililimenya kabla ya kahawa,
ganda moja refu, halikatiki, linashuka mpaka magotini.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Huu ni mwaka wangu wa nne hapa.
Sijapewa hata kisu cha siagi.

Je, unaogeshwa upendavyo?
Alhamisi, saa nne na nusu, robo saa.
Sauna ipo. Ndani wamepanga maboksi ya nepi.

Je, una mtu wa kuzungumza naye?

Taisto alikaa chumba cha sita,
dereva wa treni, masikio yameliwa na injini.
Kila jioni alisimama mlangoni kwangu akatangaza:
Kelloselkä, mwisho wa reli, shukeni nyote!
Nami nikamjibu, sishuki, nina tiketi ya kurudi.
Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.
Juzi nimepita, kitanda kimetandikwa,
kibao cha jina kimebanduliwa,
gundi bado inanata ukiigusa.
Hakuna aliyetuambia. Eti tusisononeke.
Mchana ule tulipewa keki.
Nina miaka themanini na tisa, nimezika mume
na watoto wawili, leo nafichwa msiba
kama mtoto anavyofichwa pipi.

Säde akauliza, niandike ngapi?
Andika jina lake. Taisto Vuolle.
Hakuna nafasi ya jina.
Andika pembeni.
Akaandika pembeni, herufi kubwakubwa,
akasahau kuniuliza maswali yaliyobaki.

Jumamosi zamu ya usiku ilikuwa yake.
Akaja na ndoo, viazi kumi na viwili vyenye udongo,
na kisu kidogo amekificha ndani ya soksi.
Tulikaa kitandani, taulo magotini.
Mkono wangu ulitetemeka. Ganda likakatika.
La pili likakatika. La tatu nikajikata mimi,
damu kidogo, ikaingia kwenye wanga,
nami nikacheka mpaka mlinzi akagonga ukuta.
Nitafukuzwa kazi, Säde akasema, mweupe kama taulo.
Basi menya wewe.
Kumbe hajui! Anachonga nusu ya kiazi kizima,
anamenya kama anayenoa penseli.
Siyo hivyo, mwanangu. Kisu kitulie, kiazi ndicho kitembee.
Tukamaliza saa nane kasoro.
Hakuna aliyevila. Hatukuwa na jiko.

Fomu nyingine itakuja mwezi Juni.
Nalijua swali la mwisho: Je, una la kuongeza?
Wameacha mistari miwili.
Nimeihifadhi plasta ya kidole changu kwenye droo.
Nitaibandika hapo.